Losheni yenye manukato kwenye ngozi nyeti: Molo imsikilize nani?

Mkazi wa Molo ambaye ngozi yake huwashwa upesi hupewa ushauri wa kila namna. Dukani ataambiwa losheni inayonukia vizuri ndiyo inayopendwa, na kwamba akijipaka kidogo kwenye kifundo cha mkono asiwashwe, basi imemfaa. Kliniki ataambiwa aachane kabisa na manukato. Jirani atamwonya dhidi ya kila chenye kemikali na kumshauri atafute mafuta ya mimea. Wote watatu wana nia njema, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini hawajibu swali moja. Muuza duka anazungumzia mwasho wa papo hapo, mhudumu wa afya anazungumzia mzio unaojengeka polepole, na jirani anazungumzia kitu kilikotoka.

Mkanganyiko huu una gharama. Ngozi nyeusi ikipata uvimbe wa ndani, hata mdogo, mara nyingi hubaki na doa jeusi kwa miezi kadhaa. Doa hilo huwasukuma wengi kununua krimu za kung'arisha ngozi, nazo huleta madhara makubwa kuliko ya losheni iliyoanzisha mambo. Kwa hiyo inafaa hoja za pande zote zipimwe moja moja.

Baridi, jua na sabuni ya kipande

Molo iko kwenye miinuko ya Mau, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni wa baridi karibu mwaka mzima. Juni hadi Agosti ukungu hukaa hadi jua limepanda, na Januari na Februari huja na upepo mkavu. Hewa baridi haibebi mvuke mwingi. Ikiingia ndani ya nyumba na kupashwa moto na jiko la makaa, inazidi kuwa na kiu ya maji na huyanyonya popote yalipo, ngozi ikiwamo. Wakati huohuo mji uko karibu sana na mstari wa ikweta, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo miale ya jua inavyokosa hewa ya kuichuja. Mtu anaweza kuvaa sweta na bado uso wake ukachomwa na jua.

Tabaka la juu la ngozi limeundwa kwa seli zilizokufa zilizoshikanishwa na mafuta maalumu. Mafuta hayo yakipungua, maji hutoka na vitu vya nje huingia. Sabuni ya kipande huyaondoa kwa urahisi: kiwango chake cha pH huwa kati ya 9 na 10, ilhali ngozi yenye afya iko karibu na 5. Fikiria anayechimba viazi asubuhi, anayenawa kwa sabuni hiyo kabla ya kukamua, anayefua kwenye karai na kisha kuoga kwa maji ya moto sana kwa sababu ya baridi. Jioni mikono yake imepauka, miguu ina magaga, na ngozi imejaa nyufa zisizoonekana kwa macho. Akijipaka losheni yenye manukato, itachoma.

Hapo ndipo kosa la kwanza la hukumu hufanyika. Losheni hulaumiwa peke yake, wakati ukuta wenyewe ulibomolewa na sabuni, maji ya moto na upepo. Losheni hiyohiyo, kwa mtu huyohuyo, huenda isimchome akiwa Mombasa kwenye joto na unyevu. Anayebadilisha losheni kila mwezi bila kubadilisha sabuni anatibu nusu ya tatizo.

Ngozi nyeti ni nini hasa

Mwaka 2017 jopo la kimataifa la wataalamu wa mwasho liliieleza ngozi nyeti kuwa hali ambapo mtu huhisi kuchomwa, kuwashwa, kuumwa au kutekenywa na vitu ambavyo kwa kawaida havipaswi kuleta hisia hizo. Ni hisia, na mara nyingine ngozi yenyewe huonekana salama kabisa. Lakini mitaani jina hilohilo hutumika kwa mambo mengine matatu, na kuyatenganisha ndiyo kazi kubwa.

La kwanza ni mwasho wa kukereka. Kitu kikali kinagusa ngozi dhaifu na kuichoma, mara nyingi ndani ya dakika au saa chache. Mwasho huu unaweza kumpata yeyote kipimo kikizidi, na huisha mtu akiacha na ngozi ikipona.

La pili ni mzio wa mguso. Huu ni kazi ya mfumo wa kinga. Mwili hukutana na kiungo fulani mara kadhaa bila dalili yoyote, huku seli za kinga zikijifunza kukitambua. Zikishajifunza, kila kinaporudi hukishambulia, kwa kawaida kati ya siku 1 na siku 3 baada ya kupakwa. Mtu aliyetumia losheni moja miaka mitano bila shida anaweza kuanza kuwashwa nayo mwaka wa sita, akaapa kwamba kiwanda kimebadilisha mchanganyiko. Huenda kilichobadilika ni kinga yake. Na mzio ukishaingia, kwa kawaida haumtoki mtu.

La tatu ni ukurutu wa kurithi, ule unaoanza utotoni kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na ambao mara nyingi huandamana na pumu katika familia. Mwenye ukurutu ana ukuta dhaifu hata bila sabuni, hivyo yuko wazi kwa mambo yote mawili yaliyotangulia.

Vitabu vingi vya tiba vimeeleza dalili hizi kwa picha za ngozi nyeupe, ambako uwekundu huonekana mara moja. Kwenye ngozi nyeusi uwekundu hujificha. Kinachoonekana ni weusi uliozidi au rangi ya kijivu, vipele vidogo kwenye vinyweleo na ukavu unaokwaruza mkono ukipitishwa. Wengi huambiwa hawana kitu kwa sababu tu hakuna wekundu.

Wanaoyatetea manukato

Hoja yao yenye nguvu ni kwamba mafuta bora ni yale mtu atakayoyatumia kila siku. Hoja hii ina ushahidi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watoto 550 wenye ukurutu, ulilinganisha aina nne za vilainishi vya ngozi: losheni, krimu, jeli na mafuta mazito. Hakuna aina iliyoshinda nyingine. Ikiwa umbo halileti tofauti kubwa, basi kupendwa na mtumiaji kuna uzito. Msichana wa shule ya bweni huko Turi anayeona haya kunuka mafuta ya kukamulia ng'ombe ataliacha kopo hilo sandukuni, na ngozi yake itapasuka.

Pia wanasema hatari inakuzwa mno. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliounganisha matokeo ya watu wa kawaida wapatao 20,000 ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya watano ana mzio wa mguso wa kitu fulani. Nikeli ya hereni na vifungo iliongoza kwa asilimia 11.4, huku mchanganyiko mkuu wa manukato unaotumika kupimia ukiwa asilimia 3.5. Kwa hesabu hiyo, wengi mno hujipaka manukato maisha yao yote bila kudhurika.

Tena manukato si anasa ya kigeni. Pwani ya Waswahili ina marashi, asumini, liwa na udi tangu zamani, na popote Kenya mtoto anayenukia vizuri huhesabiwa kuwa mtoto aliyetunzwa. Mama anayechagua jeli ya mtoto kwa harufu yake anaonyesha upendo, na mhudumu anayelipuuza hilo atapoteza sikio lake.

Udhaifu wa upande huu uko mahali pawili. Utafiti wa watoto 550 ulilinganisha uzito na umbo. Haukuwa na lengo la kuyapima manukato. Na asilimia 3.5 ni ya watu wote kwa jumla, tena kwa takwimu zilizotoka zaidi Ulaya, Amerika Kaskazini na Uchina. Mwenye ngozi nyeti hayuko katikati ya kundi hilo. Zaidi ya yote, manukato hayaipi ngozi chochote. Glisirini huvuta maji, vaselini huyazuia yasitoke, lakini manukato humhudumia mwenye pua. Hatari anayoibeba mwenye ngozi nyeti kwa ajili yake ni ya ngozi, na faida si ya ngozi.

Wanaoyakataa

Upande wa pili huanza na neno moja lililo nyuma ya chupa: "parfum", au "fragrance". Ndani ya neno hilo kunaweza kuwa na makumi ya viungo, na mtengenezaji huvificha kama siri ya biashara. Umoja wa Ulaya ulianza kulifungua fumbo hilo katikati ya miaka ya 2000, ulipotaka viungo 26 vinavyojulikana kuleta mzio vitajwe kwa majina kila vikizidi asilimia 0.001 kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini. Mwaka 2023 orodha iliongezwa ikapita viungo 80, na viwanda vikapewa muda wa kujirekebisha. Kiungo kimoja, maarufu kwa jina la Lyral, kiliondolewa sokoni huko kabisa kufikia Agosti 2021 kwa sababu ya wingi wa watu waliopata mzio.

Ndiyo maana baadhi ya chupa zilizo madukani Nakuru na Molo zina majina kama linalool, limonene, geraniol na citronellol mwishoni mwa orodha. Zisizo na majina hayo si lazima ziwe salama zaidi. Huenda hazikutengenezwa kwa ajili ya soko linalotaka yatajwe.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Limonene na linalool zikiwa mbichi ni dhaifu katika kuleta mzio. Zikikaa na hewa, hugeuka polepole kuwa viambata vikali zaidi. Chupa kubwa ya familia iliyonunuliwa ili kuokoa pesa, ikaachwa dirishani mwaka mzima na kifuniko kilicholegea, si losheni ileile iliyofunguliwa siku ya kwanza.

Hata hivyo upande huu nao huvuka mpaka unapoyabebesha manukato lawama zote. Kitu chochote chenye maji huhitaji kihifadhi, la sivyo kitaota ukungu. Kihifadhi kiitwacho methylisothiazolinone kilileta wimbi la mzio hadi Ulaya ikakipiga marufuku kwenye vipodozi vya kubaki mwilini kuanzia 2017. Lanolini, mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, wanyama ambao Molo inajulikana kwao, hulainisha ngozi vizuri sana, lakini baadhi ya watu wenye ukurutu huikataa. Losheni isiyo na harufu inaweza kuwa na vyote viwili.

Maandishi ya mbele ya chupa nayo hayategemeki. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipochunguza vilainishi 174 vilivyokuwa vikinunuliwa sana, asilimia 45 ya vile vilivyojitangaza kuwa havina manukato vilikuwa na dondoo la mmea au kiungo kinachohusiana na manukato. Kati ya vile vilivyojiita "hypoallergenic", asilimia 83 vilikuwa na angalau kiungo kimoja kinachoweza kuleta mzio. Neno hilo halina maana kisheria huko: mamlaka ya Marekani ilijaribu kuliwekea masharti mwaka 1975, mahakama ikayafuta mwaka 1977. Na chupa iliyoandikwa "unscented" inaweza kuwa na manukato ya kufunika harufu ya mafuta yenyewe. Anayeyakimbia manukato atafute "fragrance free", kisha asome orodha ya nyuma.

Kasoro nyingine ni ya uchumi. Kumwambia mtu aache manukato ni rahisi. Kumwonyesha mbadala kwenye rafu ya duka la kijijini ni kazi. Jeli nyingi za watoto, ambazo ndizo ngozi changa hupakwa, zimetiwa harufu.

Hoja ya mimea, na somo la pareto

Upande wa tatu husema tatizo ni viwanda, dawa ni asili. Hapa Molo ina ushahidi wake unaopaswa kuwafanya watu wafikiri mara mbili.

Pareto ilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na nyanda za Molo, Mau na Elburgon zikawa miongoni mwa mashamba yake makuu. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza dunia katika zao hilo, kabla halijaporomoka na kisha kuanza kufufuliwa chini ya serikali ya kaunti na wasindikaji. Ni ua la asili kabisa, na tangu mapema karne ya 20 madaktari wamejua kwamba baadhi ya watu wanaolishika huota vipele mikononi na usoni. Chanzo chake ni kundi la viambata viitwavyo seskwitapeni laktoni.

Kundi hilo halimo kwenye pareto pekee. Limeenea katika jamii yote ya mimea ya alizeti, ikiwamo kamomile na arnika, maua ambayo dondoo zake hutiwa kwenye krimu zinazouzwa kwa sifa ya kutuliza ngozi. Mchumaji wa pareto ambaye mikono yake ilishaanza kuwashwa shambani anaweza kuwashwa tena na krimu ya kamomile aliyoinunua imtulize. Hii haina maana kwamba kila mkulima wa pareto yuko hatarini. Ina maana kwamba huyu mwenye historia ya kuwashwa na ua hilo anapaswa kuziogopa krimu za maua kuliko anavyoliogopa kopo la vaselini.

Na mafuta ya mimea yenye harufu, kama ya mrujuani, mchaichai au maganda ya limau, yana linalool, limonene na geraniol zilezile zilizotajwa juu. Kinga ya mwili haiulizi kama zimetoka kiwandani au shambani. Kinyume chake vaselini, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1872 na ambayo ni zao la mafuta ya petroli, ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio kwa nadra sana. Haina maji, hivyo haihitaji kihifadhi. Kasoro zake ni kunata, kuchafua nguo, na moto: nguo au matandiko yaliyolowa mafuta ya aina hii hushika moto upesi, kama mamlaka ya dawa ya Uingereza ilivyoonya mwaka 2018. Kwa mji ambao watu huota moto jioni, onyo hilo si la kupuuzwa.

Sifa ya upande huu ni kwamba umewafanya watu waulize kilichomo. Swali hilo ni jema, hata kama jibu lao lina kasoro.

Kwa nini jaribio la dukani halitoshi

Kujipaka tone kwenye kifundo cha mkono dukani hupima jambo moja tu: kama losheni inachoma papo hapo. Mzio huchukua siku. Tena ngozi ya kifundo ni nzima, ilhali mahali itakapopakwa kweli pameshapasuka.

Jaribio la nyumbani lenye maana ni la kujipaka mara mbili kwa siku mahali palepale, upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, eneo dogo lisilozidi sarafu kubwa, kwa siku 7 hadi 10, bila kubadilisha sabuni wala kuanza mafuta mengine kipindi hicho. Zikitokea dalili, aoshe na aache. Zisipotokea, aanze kutumia sehemu kubwa zaidi, akijua kwamba mzio unaweza kuingia hata baadaye. Jaribio hili lisifanywe juu ya ukurutu uliowaka, kwa sababu hapo kila kitu kitachoma na jibu halitasomeka.

Kipimo cha kliniki ni cha viraka, kilichobuniwa na Josef Jadassohn mwaka 1895. Viungo mbalimbali hubandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi husomwa siku hiyo na tena baada ya siku moja au zaidi. Kinaweza kutaja kiungo kwa jina, jambo ambalo jaribio la nyumbani haliwezi. Lakini kinahitaji vifaa, mtaalamu, na mgonjwa wa kwenda na kurudi. Kenya ina madaktari wachache wa ngozi, nao wamejikusanya mijini. Maafisa wa kliniki waliobobea kwa ngozi, baadhi yao wakifunzwa katika kituo cha kanda kilichoko Moshi, Tanzania, ndio hubeba mzigo mkubwa nje ya miji.

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) nayo ina mipaka. Nambari ya kibali ikitumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, mnunuzi hujua kama kibali ni halali, na hilo husaidia kuepuka bidhaa bandia na zile zenye zebaki. Haisemi losheni itamkubali nani.

Mizani

Nikizipima hoja hizi, naona uamuzi hautegemei losheni kwanza. Unategemea hali ya ngozi siku ile. Ngozi iliyopasuka, yenye ukurutu uliowaka au iliyotoka kuoga kwa maji ya moto na sabuni kali isipakwe manukato, ya kiwandani wala ya mimea. Kwake vaselini isiyo na harufu, ikipakwa dakika chache baada ya kuoga kabla mwili haujakauka, hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Watoto wachanga wawekwe kundi hilo, kwa sababu hakuna haja ya kuifunza kinga yao kuyatambua manukato mapema.

Mwenye ngozi nzima inayochomachoma tu wakati wa baridi ana nafasi ya kujaribu, baada ya kubadilisha sabuni na kupunguza moto wa maji. Aanze na chupa ndogo, aifunge vizuri, asiitumie usoni kwanza. Aliyewahi kuota vipele siku mbili baada ya kujipaka chochote chenye harufu hana sababu ya kujaribu tena bila kipimo cha viraka. Anayependa kunukia hahitaji kuikosa furaha hiyo: Waswahili wa pwani wamefukiza nguo kwa udi kwenye chetezo kwa vizazi vingi, na manukato yaliyo kwenye kitambaa cha nje huigusa ngozi kidogo mno kuliko yaliyosuguliwa mwilini. Mwenye pumu hasa ajihadhari na moshi.

Lililo nje ya uwezo wa mnunuzi ni kibandiko. Nchi za Afrika Mashariki tayari zina viwango vya pamoja vya vipodozi. Kuhakikisha viungo vya manukato vinatajwa kwa majina, kama Ulaya inavyotaka, kungewapa wauzaji wa Molo na wahudumu wa kliniki lugha moja ya kuzungumzia. Kwa sasa, anayeona dalili asikimbilie krimu ya kuchanganya ya dukani, nyingi zikiwa na steroidi kali. Aende hospitali ya Molo au ya Nakuru akiwa na chupa yenyewe, si jina lake tu, kwa sababu orodha iliyo nyuma ndiyo itakayomwonyesha mhudumu pa kuanzia.